Hitilafu Iliyofungwa Kwenye Kopo

Fundi redio yeyote, awe na meza yake Kariakoo au kibanda pembezoni mwa Luthuli Avenue jijini Nairobi, amezoea malalamiko ya aina moja. Redio inakoroma. Spika inakwaruza. Ukiongeza sauti kidogo, mtangazaji anakuwa kama mtu anayesoma habari huku amejaza ugali mdomoni. Fundi hufungua, hupuliza vumbi, hugusagusa kwa mita, na mteja akirudi jioni hukuta sauti imenyooka. Sasa siku akitokea mpiga gitaa na kusema, "Fundi, mimi nataka ikwaruze, tena sana," huenda ikadhaniwa analeta utani.

Hana utani. Anachokitaka kinauzwa kwenye maduka ya vyombo vya muziki kwa jina la pedali: kisanduku cha chuma kinachowekwa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya, chenye kitufe cha kukanyaga kwa mguu. Zipo pedali za mwangwi, zipo za kuyumbisha sauti, zipo za kuifanya ilie kama mtoto mchanga. Ile ya mkwaruzo, ambayo Wamarekani waliipa jina la fuzz, ndiyo rahisi kuiunda nyumbani kuliko zote. Sababu ya urahisi huo ni kwamba kilichomo ndani si ufundi wa ajabu. Ni hitilafu. Ni ile ile ambayo fundi redio amelipwa maisha yake yote kuiondoa, safari hii imetengenezwa makusudi na kufungiwa kwenye kopo.

Ilianza kwa bahati mbaya. Mwaka 1960, mjini Nashville katika jimbo la Tennessee, Marty Robbins alikuwa studio akirekodi wimbo wake "Don't Worry". Ni wimbo wa mapenzi, wa taratibu, piano ikitembea polepole chini ya sauti ya mwimbaji. Ikafika zamu ya Grady Martin kupiga solo kwa gitaa la besi la nyuzi 6. Kumbe njia moja ya meza ya kuchanganyia sauti, ile aliyounganishiwa yeye, ilikuwa imeharibika. Kilichotoka hakikuwa besi nyororo bali mngurumo wenye kingo, kama nyuki dume aliyenaswa ndani ya debe. Kwa kawaida kazi kama hiyo hurudiwa. Hii haikurudiwa. Wimbo ukatoka mwaka 1961 na mngurumo wake ndani, ukakaa kileleni mwa chati ya muziki wa country kwa wiki 10, na kwenye chati ya jumla ya Marekani ukafika nafasi ya 3.

Aliyekuwa kwenye mitambo siku ile ni Glenn Snoddy. Wanamuziki wengine walianza kuitaka sauti ileile, lakini chombo kibovu kina tabia yake: hakikai kibovu kwa kiwango unachokipenda. Kiliendelea kuharibika hadi kikafa, na sauti ikaenda nacho. Snoddy akashirikiana na mwenzake Revis Hobbs, wote wawili wakiwa watu wa mitambo ya redio, wakakaa chini kuunda saketi ya transista ambayo ingetoa ubovu uleule kila siku bila kubadilika. Kampuni ya Gibson ikaichukua, na mwaka 1962 ikaiingiza sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone FZ-1. Ndani yake mlikuwa na transista 3 za jemaniamu na betri 2 za volti 1.5, aina ile ile tunayotia kwenye tochi.

Watengenezaji wenyewe hawakujua wameuza nini. Waliitangaza kama kifaa cha kumfanya mpiga gitaa aige tarumbeta, tuba na sello. Miaka 3 baadaye, mwaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia kwa nia hiyohiyo: alipiga noti za mwanzo za "Satisfaction" kwa Maestro ili kuonyesha tu mahali ambapo tarumbeta zingekuja kuingia. Tarumbeta hazikuingia kwenye rekodi ile. Kielelezo ndicho kilichobaki, na dunia nzima ikakiimba.

Wapo waliofika huko kwa njia fupi zaidi, na ya uharibifu zaidi. Link Wray, Mmarekani, alitoboa spika zake kwa penseli akitafuta sauti ya wimbo wake "Rumble" wa mwaka 1958. Dave Davies wa kundi la Kinks la Uingereza alichana karatasi ya spika kwa wembe, na matokeo yake yanasikika kwenye "You Really Got Me" ya mwaka 1964. Njia hiyo haishauriwi kwa mtu aliyeazima amplifaya ya bendi.

Lakini kuzungumza kana kwamba mkwaruzo uligunduliwa Nashville ni kusahau nyumbani. Wagogo wa Dodoma wana ilimba, ala ya vibao vya chuma iliyopelekwa majukwaa ya dunia na marehemu Hukwe Zawose. Kwenye kisanduku chake mna tundu linalofunikwa kwa utando wa buibui. Kibao kikipigwa, utando unatetema na kuongeza mlio mwembamba wa mvumo juu ya noti. Mtengenezaji haachi utando ule kwa uzembe. Anautafuta, anaubandika, na ukichanika anauweka mwingine. Likembe za Kongo nazo huvishwa vipete vya waya kwenye vibao ili vivume. Noti tupu, isiyo na mvumo, kwa masikio ya wapigaji hao ni kama mchuzi usio na chumvi.

Na likembe ndiyo iliyoandika sura nzuri kuliko zote katika habari hii. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi alianzisha kundi la Konono No. 1 katika miaka ya 1960. Muziki wao ni wa asili ya Wazombo, na likembe ni ala ya kusikilizwa karibu. Katikati ya jiji lenye magari, mabaa na makelele, nani angeisikia? Mingiedi akaiwekea umeme kwa vitu alivyoviona. Sumaku alizitoa kwenye oltaneta za magari mabovu, akazizungushia waya na kutengeneza maikrofoni za mkono. Sauti ikapitishwa kwenye amplifaya za kuungaunga na vipaza sauti vya pembe, kama vile vya mikutano ya hadhara. Vifaa vile havikuweza kubeba sauti ile kubwa bila kukwaruza, basi vikakwaruza. Mkwaruzo ukaungana na ule wa vipete vya waya, na kundi likaona si ugomvi, ni ndoa. Albamu yao "Congotronics" ilipotoka mwaka 2004, wapenzi wa muziki wa rock huko Ulaya na Marekani waliipokea kama jamaa waliyepoteana naye.

Zambia nako, katika miaka ya 1970, vijana wa vikundi kama WITCH na Amanaz walipiga gitaa za mkwaruzo mzito juu ya midundo ya kwao, muziki ambao leo unaitwa Zamrock. Kwetu kwenye muziki wa dansi, mambo yalikwenda upande mwingine. Gitaa la solo la Mbaraka Mwinshehe au la Simba Wanyika linang'aa, kila noti inasimama peke yake kama shanga kwenye uzi. Kuna sababu ya kifundi ya kuuogopa mkwaruzo katika muziki wa namna hiyo, na inafaa ielezwe kabla ya kushika chuma cha kulehemu.

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna pikapu. Si gari la kubebea magunia. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kwa maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo mno unazaliwa, pengine sehemu moja ya kumi ya volti, na zaidi kidogo uzi ukichapwa kwa nguvu. Umeme huo unapanda na kushuka kwa kufuata mtikisiko wa uzi, kama mawimbi ya bahari siku ya utulivu. Transista kazi yake ni kuyakuza. Lakini transista inayolishwa na betri ya volti 9 haiwezi kutoa zaidi ya kile inacholishwa. Volti 9 ndiyo dari ya nyumba. Mtu mrefu akirukaruka ndani ya chumba chenye dari ya chini, kichwa kitagota, na wimbi nalo likikuzwa kupita kiasi linagota vivyo hivyo: kilele kinakatwa, kinakuwa bapa, na kile kilichokuwa mviringo kinafanana na matofali yaliyopangwa.

Sikio halioni tofali. Linachosikia ni kwamba ndani ya noti moja sasa mna noti nyingine nyembamba, za mtikisiko mara mbili, mara tatu, mara tano ya ile ya awali. Ndizo zinazoleta ukali. Kisha kuna zawadi ya pili: kwa kuwa vilele vyote vimekatwa kwenye kimo kimoja, mwanzo wa noti wenye nguvu na mkia wake uliochoka vinatoka vikiwa karibu sawa kwa ukubwa. Noti inaonekana haifi. Mpiga fidla anajua raha hiyo. Mpiga gitaa hakuwa nayo hadi saketi hii ilipokuja.

Hasara yake ni kodi, yaani noti kadhaa zikipigwa pamoja. Kila noti inagota dari pamoja na jirani zake, na mgongano wao unazaa sauti ambazo hakuna aliyezipiga. Noti moja kwenye mkwaruzo ni simba. Noti tano ni soko la samaki. Gitaa la rizim la rumba, ambalo kazi yake yote ni kusuka kodi nyepesi, likipitishwa humo hubaki tope. Wapiga rock huikwepa shida hiyo kwa kupiga nyuzi mbili tu, noti na ya tano yake, na mpiga dansi anayetaka kujaribu anashauriwa aanzie kwenye solo.

Sasa meza. Saketi nyingi maarufu ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Fuzz Face, pedali ya mviringo iliyotoka London mwaka 1966 na kukanyagwa sana na Jimi Hendrix, ina transista 2, rizista 4, kapasita 3 na vitasa 2 vya kuzungusha. Jumla 11. Hata hivyo ipo fupi zaidi, inayopendwa na wanaoanza, na jina lake ni Bazz Fuss. Jina lenyewe ni mchezo: ni "bass fuzz" iliyobadilishana herufi za mwisho, kama watoto wa pwani wanavyosema kinyume na "kesho" ikawa "shoke". Inahitaji transista 1, dayodi 1, rizista 1, kapasita 2 na kitasa 1 cha volyumu. Sita.

Vipande hivyo, ukiviweka kwenye kiganja, vinaenea vyote na nafasi inabaki. Rizista ni ya omu 10,000, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na rangi ya chungwa. Zile za mistari mitano husomwa kwa hesabu nyingine, kwa hiyo mita ndiyo hakimu. Dayodi ni ile ndogo ya kioo, 1N4148, yenye mstari mweusi upande mmoja. Kapasita ya kuingilia ni ya mikrofaradi 4.7, ya kutokea ni ya mikrofaradi 0.1. Volyumu ni ya omu 100,000. Transista yoyote ndogo ya silikoni ya aina ya NPN itafanya kazi: 2N3904, BC547, au ile C945 inayojaa kwenye redio na vifaa vya zamani. Anayetaka mkwaruzo mzito zaidi atafute MPSA13, ambayo ndani yake ni transista mbili zilizobebana mgongoni.

Za jemaniamu ziachwe kwa sasa. Zina sauti nzuri na watu huzisifia hadi usiku wa manane, lakini joto huzibadilisha tabia. Kwenye ukumbi wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi Januari, pedali iliyolia vizuri asubuhi inaweza kuishiwa pumzi kabla bendi haijamaliza seti ya kwanza.

Wenye kuchomoa vipande kwenye vifaa vibovu wana neno moja la kusikiliza kwanza. Vitolewe kwenye redio ndogo za betri. Televisheni ya zamani ya tyubu, oveni ya maikrowevu na visanduku vinavyochomekwa kwenye umeme wa ukutani viachwe kwa anayevijua. Kapasita zake kubwa huweza kubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomolewa. Pedali yenyewe inaishi kwa betri ya volti 9, ile ya mstatili yenye vichwa viwili juu, na hiyo haina ugomvi na mtu.

Kuunganisha ni hivi. Kutoka chanya ya betri, rizista inashuka hadi kwenye mguu wa transista uitwao kolekta. Mguu wa emita unakwenda moja kwa moja kwenye hasi, ambayo mafundi huiita graundi. Dayodi inakaa kati ya kolekta na mguu wa tatu, beizi, mstari wake ukitazama beizi. Sauti ya gitaa inaingia kwenye beizi kwa kupitia kapasita ya 4.7, na kama kapasita hiyo ni ya kikopo chenye upande hasi uliochorwa mstari, basi upande hasi utazame gitaa. Sauti inatoka kwenye kolekta kwa kupitia kapasita ya 0.1 hadi kwenye mguu mmoja wa pembeni wa volyumu. Mguu wa pembeni mwingine unakwenda graundi, na wa katikati ndio unaopeleka kwa amplifaya. Basi. Kapasita zote mbili ni mabawabu: zinapitisha mawimbi ya muziki na kuuzuia umeme wa betri usitangetange kuingia kwenye gitaa au amplifaya.

Dayodi ndiyo yenye ujanja. Inafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Kwanza inaipa beizi umeme kidogo wa kuiamsha transista. Bila huo, transista inalala na kuamka noti kubwa zinapopita tu. Pili, inashiriki kulikata wimbi pale linapotaka kupanda. Ndiyo sababu saketi ya vipande sita inakwaruza kama saketi ya vipande kumi na mbili.

Kosa linaloongoza ni miguu ya transista. Ukiishika BC547 uso wake bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, beizi, emita. 2N3904 ni kinyume kabisa: emita, beizi, kolekta. C945 nayo ina mpango wake: emita, kolekta, beizi. Mtu akibadilisha moja kwa nyingine bila kuangalia, atakaa saa nzima akiilaumu betri.

Kwa hiyo busara ni kutolehemu chochote mwanzoni. Saketi ijengwe kwanza kwenye kile kibao cheupe cha plastiki chenye matundu ya kuchomeka, ambacho wanafunzi wa elektroniki hukiita bredibodi. Volyumu iwe chini. Betri iunganishwe, mita iwekwe kwenye volti, waya mweusi kwenye graundi. Kwenye beizi isome karibu volti 0.6, kwenye kolekta karibu 1.2. Kwa MPSA13 namba hizo ni karibu 1.2 na 1.8. Kolekta ikisoma 9 kamili, transista imelala: dayodi imegeuzwa, au miguu imekosewa. Ikisoma sifuri, kuna mahali waya zimegusana.

Namba zikikaa sawa, kinabaki kipimo cha kale zaidi, ambacho kila fundi redio anakifahamu na hakuna kitabu kilichomfundisha. Amplifaya inawashwa kwa sauti ndogo. Mtu anagusa kwa ncha ya kidole waya wa kuingilia. Mwili wa binadamu ndani ya nyumba yenye umeme ni antena. Unabeba mvumo wa nyaya za ukutani wa mitikisiko 50 kwa sekunde. Saketi nzima ikiwa hai, spika inajibu papo hapo: mmm nzito, yenye meno, ambayo inakatika kidole kikiondolewa. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hugusa tena. Halafu tena. Gitaa linaweza kusubiri dakika tano zaidi.

Isipojibu, fundi hatafuti kwa kubahatisha. Anachukua waya unaoelekea kwenye amplifaya, anautia kapasita ndogo mbele, kisha mtu mwingine akipiga gitaa yeye anaufuata muziki kwa ncha ile: upo kwenye jeki, tundu la kuchomekea waya wa gitaa? Upo kwenye beizi? Upo kwenye kolekta? Pale unapopotea ndipo penye mgonjwa.

Kibao cha majaribio kina faida nyingine ambayo wenye haraka huikosa. Kapasita ya 4.7 ikichomolewa na kuwekwa ya 0.1, besi inapungua na sauti inakuwa nyembamba, ya puani. Dayodi ya kioo ikibadilishwa na ile ndogo ya taa nyekundu, tabia ya mkwaruzo inabadilika. Mabadiliko hayo huchukua sekunde kumi kila moja, na mpiga gitaa anachagua kwa sikio lake, si kwa ushauri wa muuza duka.

Kulehemu kwenyewe kuna siri moja. Lehemu ya mchanganyiko wa bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183, lakini haipashwi yenyewe. Unaopashwa ni mguu wa kipande na mahali unapokaa, kwa sekunde mbili au tatu, kisha lehemu inaguswa pale na kuyeyuka yenyewe kuzunguka mguu. Kiungo kizuri kinang'aa na kina umbo la mlima mdogo. Kilichofubaa na kuvimba kama chunusi ni lehemu baridi. Leo kitapitisha sauti, kesho jukwaani kitakataa. Moshi usivutwe, na mikono ioshwe kabla ya kushika andazi, maana risasi ni sumu.

Ukipita kwenye maduka ya vipuri utagundua kwamba saketi ni ya bei ya karanga. Fedha zinakwenda kwenye vitu vya nje: jeki mbili, boksi, na swichi ya kukanyaga yenye miguu 9, ambayo peke yake huweza kushinda bei ya vipande vyote vya ndani. Kwa pedali ya kwanza, swichi hiyo si lazima. Mtu akichoka kukwaruza, achomoe waya.

Jeki ya kuingilia inafaa iwe ya stirio hata kama gitaa ni la mono, na hapa kuna ujanja mtamu wa mafundi wa zamani. Hasi ya betri inaunganishwa kwenye mguu wa pili wa jeki hiyo. Waya wa gitaa ukichomekwa, shina lake la chuma linagusanisha mguu huo na graundi, na pedali inawaka, ukichomolewa, inazima. Swichi ya umeme imepatikana bure. Saketi hii hula chini ya miliampia 1, hivyo betri nzuri hudumu muda mrefu sana, alimradi mwenyewe asiache waya umechomekwa usiku kucha.

Kuhusu boksi, viwanda hutumia aluminiamu ya kumimina, lakini kopo la biskuti, la majani ya chai au la maziwa ya unga linafanya kazi ileile. Tena kopo la bati hushika lehemu vizuri, jambo ambalo aluminiamu hukataa. Litobolewe matundu matatu, mawili ya jeki na moja la volyumu, ncha kali zisuguliwe kwa msasa, na ndani pabandikwe kipande cha karatasi ngumu ili miguu ya saketi isiguse bati. Kopo la plastiki lisitumike. Chuma kinachounganishwa na graundi ni ukuta dhidi ya mivumo ya nyaya za nyumba, na dhidi ya mgeni mwingine pia.

Mgeni huyo ndiye anayefaa kutajwa hapa redioni. Transista yenye kukuza sana, ikiwa uchi mezani, waya wake wa kuingilia ukiwa mrefu, huweza kunasa mawimbi ya kituo cha redio cha masafa ya kati kilicho jirani. Kiungo kilichomo ndani ya transista, kati ya beizi na emita, hufanya kazi ileile iliyofanywa na kioo cha redio za mwanzo kabisa: huchuja sauti kutoka kwenye wimbi. Dawa yake ni kapasita ndogo ya pikofaradi 100 kati ya beizi na graundi, na mfuniko. Basi, msikilizaji, ukiwa umeinama mezani usiku, gitaa liko mapajani na hujaligusa, kisha spika ikaanza kukusomea taarifa ya habari kwa sauti ya kukwaruza, usivunje kitu. Pedali yako ni nzima. Funika kopo.